"Hakuna bahari": jinsi maoni ya wageni yanavyotuchagulia pa kulala

Mgeni aliandika maneno mawili tu: "Hakuna bahari." Akatoa alama 4 kati ya 10, akaondoka zake.

Hoteli yenyewe ni ndogo, vyumba tisa, iko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kutoka barazani hadi mchangani ni hatua thelathini. Bahari ipo, tena ya kutosha. Lakini siku aliyofika yule bwana ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi umejaa, na alipotoka chumbani saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa yakaenda zake hadi karibu na mwamba, kule ambako mawimbi huonekana kama uzi mweupe. Mbele yake palikuwa na uwanda wa mchanga uliolowa, ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wameinama kwenye vigingi vya mwani. Alasiri maji yalirudi hadi chini ya minazi, kama yanavyorudi siku zote, ila yeye alikuwa ameshakodi gari kwenda Nungwi.

Binamu yangu hukaa mapokezi pale. Alinisomea maoni yale kwenye simu, akaniuliza, "Nambie kaka, bahari nimeificha mie?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua risiti ya dobi, akaigeuza, akanipigia hesabu kwa kalamu. Hoteli yao ilikuwa na maoni 23 kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kuuza vyumba, wastani 9.0. Ishirini na tatu mara tisa ni 207. Ongeza 4, unapata 211. Gawa kwa 24, unapata 8.79, na mtandao unaonyesha 8.8. Nikamwambia, hivyo videsimali viwili nani atavitazama? Akafungua ukurasa wa kutafuta hoteli na kunionyesha vichujio vilivyo pembeni: anayetafuta anaweza kuomba aonyeshwe hoteli zenye 9 na kuendelea tu. Ukiweka vema hapo, hoteli yao haipo. Usidhani imeshuka chini ya orodha ambako mtu mvumilivu angeikuta. Haipo kabisa, kama haijapata kujengwa. Ili wastani urudi kusomeka 9.0 walihitaji wageni wanne mfululizo wa kutoa 10 kavu. Na masika ndiyo hiyo ilikuwa inaingia, miezi ambayo wageni huhesabika kwa vidole.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma alama za hoteli kwa jicho jingine. Zinaonekana kama kipimo, mfano wa joto au uzito. Lakini yule bwana hakuipima hoteli. Alipima umbali kati ya picha aliyokuja nayo kichwani na alichokikuta. Maelfu ya watu wakipima umbali wa namna hiyo, kila mmoja kwa picha yake, kisha tukawajumlisha na kugawa, tunapata namba yenye desimali ambayo inaamua nani atalala wapi.

Kwa nini tunawaamini tusiowajua

Chumba cha hoteli ni bidhaa ya ajabu. Embe utalibonyeza, kitenge utakifungua ukitazame kwenye mwanga, hata gari la mkononi utaliwasha. Chumba unakilipia ukiwa mbali, mara nyingi nchi nyingine, na ukigundua kwamba godoro limebonyea katikati unakuwa umeshafika usiku, na mizigo, na watoto wamelala begani.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alieleza tatizo la soko la namna hii akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake lina nini, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anatoa bei ya katikati, ya kujihami. Mwenye gari zuri anaona anapunjwa, analiondoa sokoni, na yanabaki mabovu. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Soko la vyumba lingekuwa hivyohivyo kama kusingekuwa na namna ya kuvujisha habari kutoka kwa waliolala kwenda kwa wanaotaka kulala.

Zamani njia ilikuwa watu. Ukitaka kwenda Moshi, unamuuliza mjomba aliyewahi kwenda mazishini huko. Atakwambia gesti ile ya karibu na stendi ni safi lakini kelele, nenda ile ya nyuma ya kanisa. Watalii walikuwa na vitabu vyao vya mwongozo. Aliyefika bandarini Unguja bila kitabu wala mwenyeji alipokewa na papasi, yaani dalali wa watalii, ambaye hoteli nzuri kwake ni ile inayompa kamisheni. Serikali nazo zina nyota zao. Hapa kwetu hoteli hupangwa madaraja kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila nyota za serikali huhesabu vitu: lifti, bwawa, ukubwa wa chumba, jiko. Hazitakwambia kama maji ya moto hufika ghorofa ya tatu saa kumi na mbili asubuhi, au kama yule kijana wa usiku hulala fofofo mpaka mgeni agonge mlango kwa dakika ishirini.

Maoni ya mtandaoni yaliziba pengo hilo. Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996, TripAdvisor ikaanza Marekani mwaka 2000, Airbnb mwaka 2008. Mjomba mmoja akageuka kuwa wajomba elfu mbili. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza ulikuwa unamjua: ulijua ni mchoyo, kwa hiyo akisema "ghali" unapunguza nusu, na ulijua hapendi kelele, kwa hiyo akisema "pametulia" unamwamini. Wajomba wa mtandaoni hawana sura.

Alama moja ina thamani gani

Watafiti wamejaribu kupima. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alilinganisha nyota za migahawa ya Seattle kwenye mtandao wa Yelp na mapato yao halisi. Nyota moja ikiongezeka, mapato yalipanda kati ya asilimia 5 na 9. Lililonivutia zaidi ni kwamba athari hiyo ilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi. Ile yenye majina makubwa, yenye matawi kila mji, haikutikisika. Ukiona jina unalolijua, huhitaji kuuliza. Mwaka uliofuata Chris Anderson wa Chuo Kikuu cha Cornell aligundua kuwa hoteli ikipanda pointi moja kwenye kipimo cha pointi 5, inaweza kuongeza bei kwa asilimia 11.2 bila kupoteza wateja.

Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja unaelewa kwa nini binamu yangu hakucheka. Hoteli kubwa ya kimataifa iliyopo Dar es Salaam au Nairobi ina jina lililotangulia kabla ya maoni. Hoteli ya vyumba tisa haina kitu kingine. Maoni ndiyo jina lake, na ndiyo matangazo yake yote.

Lakini kuna upande ambao wenye hoteli wengi hawauamini ukiwaambia. Watafiti wawili wa Uholanzi, Vermeulen na Seegers, waliwaonyesha watu 168 maoni mazuri na mabaya kuhusu hoteli maarufu na zisizojulikana, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Maoni mazuri yaliwafanya watu waifikirie hoteli zaidi, hilo halishangazi. Maoni mabaya yaliwafanya waichukie kidogo, lakini papo hapo yaliwafanya wajue kwamba ipo, na faida hiyo ya kujulikana ilifidia sehemu kubwa ya hasara. Hoteli zisizojulikana ndizo zilizosukumwa zaidi na maoni. Kwa hoteli ndogo, kutosemwa kabisa ni kubaya kuliko kusemwa vibaya mara moja moja.

Na wanaosema mwanzo wana nguvu kuliko wanaofuata. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio ambalo watafiti waliingia kwenye mtandao mmoja wa kujadili habari, wakachagua maoni ya watu bila mpango wowote, na kuyapa kura moja ya kuyaunga mkono. Kura moja tu, ya uongo. Mwishowe maoni hayo yalimaliza na alama za juu kwa asilimia 25 kuliko mengine. Kura ya kupinga haikuwa na nguvu hiyo, kwa sababu watu walijitokeza kuisahihisha. Sifa hufuatwa kama msafara wa siafu, lawama huulizwa maswali. Ndiyo maana hoteli mpya inapofunguliwa, wageni kumi wa kwanza huwa mabinamu, mashemeji na marafiki wa mwenyewe.

Nani aliyeandika

Fikiria mara ya mwisho ulipolala gesti ikawa sawa tu. Kitanda sawa, chai sawa, mlango ulifunga. Uliandika nini? Hukuandika kitu. Anayeandika ni aliyefurahi mno au aliyekasirika mno, na katikati pale, walipo wengi wetu, pako kimya. Ukichora mchoro wa maoni ya mtandao wowote wa wazi utaona nguzo ndefu ya nyota tano, kilima kidogo cha nyota moja, na bonde katikati.

Mahali ambapo mgeni na mwenyeji wanapeana alama, bonde hilo huzidi. Watafiti watatu wa Marekani walipochunguza Airbnb mwaka 2015 walikuta wastani wa nyumba ni nyota 4.7, na karibu asilimia 95 ya nyumba zina 4.5 au zaidi. Hoteli za TripAdvisor wakati huo zilikuwa na wastani wa 3.8. Je, nyumba za watu ni nzuri kuliko hoteli zote duniani? Hapana. Umelala kwa mtu, amekupikia chapati, mtoto wake amekubebea begi, utamwandikia nini? Tena na yeye atakuandikia wewe. Tangu 2014 Airbnb huficha maoni ya kila upande mpaka wote wawili waandike au siku 14 zipite, ili watu wasiogopane, lakini aibu ya kumwambia mtu ukweli usoni haitibiki kwa siku 14. Matokeo yake, nyota 4, ambayo kwa mtu wa kawaida maana yake ni "pazuri", pale ni kufeli. Mwenye nyumba anayetaka hadhi ya juu ya mtandao huo anatakiwa kuwa na wastani wa 4.8. Mgeni mwenye huruma anayetoa 4 akidhani anamsaidia anamshusha bila kujua.

Halafu kuna suala la mlango. Booking.com na Expedia humwachia aandike yule tu aliyeweka nafasi kupitia kwao. TripAdvisor na Google huwaachia wote wenye akaunti. Mlango wa pili unamruhusu hata yule aliyeingia hotelini kwa miguu akalipa taslimu, na kwa hoteli zetu hao ni wengi, lakini pia unamruhusu ambaye hakufika kabisa.

Mwaka 2017 mwandishi kijana wa London, Oobah Butler, alionyesha mlango huo ulivyo mpana. Alisajili kibanda cha bustanini kwake huko Dulwich kama mgahawa kwenye TripAdvisor, akaweka picha za vyakula alivyovitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia choo, akawaomba marafiki wamwandikie sifa. Simu zikaanza kuita. Kila aliyepiga aliambiwa nafasi zimejaa, jambo lililowatia wivu zaidi. Ndani ya miezi michache kibanda kisichokuwa na jiko kikashika namba moja London, mbele ya migahawa zaidi ya 18,000. Mwishowe alifungua kwa usiku mmoja, akawapa wageni vyakula vya bei poa vya kupasha moto kutoka dukani, na kuna walioondoka wakiuliza lini wanaweza kurudi.

Hicho ni kichekesho. Kazi ya Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier, iliyochapishwa 2014, si kichekesho. Walichukua hoteli zilezile wakalinganisha alama zake za Expedia, ambako lazima uwe umelipa, na za TripAdvisor, ambako si lazima. Tofauti kati ya milango hiyo miwili ndiko walikoutafuta uongo. Wakakuta hoteli za watu binafsi zinajipamba zaidi kwenye mlango wa wazi kuliko zile za makampuni makubwa. Kisha wakatazama majirani. Hoteli iliyojengwa karibu na hoteli ya mtu binafsi ilikuwa na maoni mabaya mengi zaidi kwenye mlango wa wazi. Yaani jirani anajisifu kwa mkono huu, na kwa mkono wa pili anakupaka matope. Mwenye kioski hapo mtaani angewaambia hayo bila utafiti, ingawa sasa tuna namba.

TripAdvisor wenyewe walisema kwamba mwaka 2022 walipokea maoni milioni 30.2 na kubaini milioni 1.3 kuwa ya uongo. Hayo ni yaliyokamatwa. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, kusini mwa Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi 9 mtu aliyekuwa akiwauzia wenye hoteli maoni ya kutunga. Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni ya uongo, ikaanza kufanya kazi Oktoba 2024. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara.

Alama zinavyoibadilisha hoteli

Tumezoea kuuliza maoni yanamfanya nini mgeni. Muulize mhudumu yanamfanya nini yeye.

Waongozaji wa Kilimanjaro wanajua kwamba jina lao likitajwa kwenye maoni, ofisi itawapangia safari nyingine haraka. Kwa hiyo siku ya mwisho, mgeni akiwa amechoka na ana furaha ya kufika kilele cha Uhuru, huombwa kwa upole: ukiandika, usisahau jina langu. Ni jambo la haki kabisa, na ndiyo maana utaona maoni mengi ya kampuni za Arusha na Moshi yamejaa majina ya watu. Lakini wagumu, yaani wapagazi, waliobeba hema na mtungi wa gesi hadi kambi ya Barafu hawatajwi, kwa kuwa mgeni hakujua majina yao. Sifa hukwenda kwa anayejua Kiingereza.

Wapo wageni ambao wameijua nguvu hiyo wakaigeuza rungu. Binamu yangu ananiambia kuhusu mmoja aliyeomba chumba cha upande wa bahari kwa bei ya chumba cha nyuma, na alipokataliwa akasema kwa sauti ya chini, huku simu iko mkononi, kwamba yeye huandika sana. Alipewa chumba. Akaandika hata hivyo: kahawa ilikuwa baridi.

Kujibu nako kumegeuka kazi. Davide Proserpio na Georgios Zervas walifuatilia hoteli za TripAdvisor kabla na baada ya kuanza kuwajibu wageni, wakakuta hoteli ikianza kujibu hupata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na alama hupanda kwa nyota 0.12. Ukisikia hivyo utadhani wahudumu wamejirekebisha. Maelezo yao ni ya kuchekesha kidogo: mtu mwenye kalalamiko kadogo, akijua kwamba meneja atamjibu hadharani, anaona aibu ananyamaza. Wanaobaki kulalamika ni wenye hoja, nao huandika kwa urefu zaidi. Kwa hiyo jibu la meneja halimlengi aliyeondoka. Linamlenga anayesoma sasa hivi akiwa na kadi ya benki mkononi. Mimi nikisoma maoni mabaya huruka moja kwa moja kwenye jibu. Meneja anayebishana na mgeni aliyeshaondoka nitakutana naye nikiwa na shida usiku. Anayebandika "tunathamini maoni yako" kwa kila mtu, neno kwa neno, hajasoma. Anayesema "kweli, pampu ilikufa siku mbili, tumeweka mpya tarehe fulani" nitalala kwake.

Maoni hayo ni ya nani

Kuna jambo moja ambalo sisi wasafiri wa hapahapa tunalikuta na ambalo wastani hauwezi kulionyesha. Hoteli nyingi za pwani, maoni yake yameandikwa na wageni wa Ulaya na Marekani. Wamejibu maswali yao: mvua ya bafuni ina nguvu? Intaneti inatosha kufanya kazi? Mhudumu anajua Kiingereza? Maswali yangu hayamo. Je, bei ya mkazi ipo au nitaambiwa ya dola? Jikoni ni halali kweli au ni neno tu? Mama ataweza kupanda zile ngazi za Mji Mkongwe, ambazo mgeni kijana ameziita "za kuvutia"? Mtoto wa tatu atalala wapi? Na lile ambalo hatulisemi: mapokezi watanichangamkia kama walivyomchangamkia aliyeandika nyota tano, au wataniuliza kwanza kama nimekuja kuona mtu?

Hoteli moja ya Mji Mkongwe niliyoifuatilia ina maoni mawili yaliyofuatana. Wa kwanza analalamika kwamba aliamshwa saa kumi na moja alfajiri na kelele kutoka msikitini. Wa pili anashukuru kwamba msikiti uko hatua chache na adhana inasikika chumbani. Ni msikiti uleule na kipaza sauti kilekile. Mtandao umewajumlisha ukatoa 7.5, namba ambayo haimhusu hata mmoja wao.

Ndiyo maana wasafiri wengi wa kwetu huikwepa mitandao hiyo. Familia ya Nairobi inayotaka kushuka na SGR kwenda Diani Desemba itaingia Instagram kutazama picha, kisha itauliza kwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la ukoo: "Kuna mtu amewahi kulala hapa?" Tumerudi kwa mjomba. Njia hii ina uaminifu wa aina yake, kwa sababu anayejibu atakutana nawe kwenye harusi, lakini nayo imeshavamiwa. Kila msimu wa sikukuu wanajitokeza watu wenye akaunti zenye picha walizoiba kwa wengine, wafuasi wa kununua, na maoni hamsini ya "pazuri sana" yote ya wiki moja. Unatuma malipo ya awali kwa namba ya simu, unafika, na mlinzi wa geti hajawahi kusikia jina la mwenyeji wako. Ukiona maoni yote ni ya wiki moja, simama. Picha ileile itafute kwa Google uone imetumika wapi kwingine. Na namba ya kulipia ikiwa na jina la mtu asiyefanana na jina la biashara, uliza kwa nini kabla ya kubonyeza namba yako ya siri.

Kwa mitandao mikubwa, mimi sisomi tena namba ya juu ila kuhakikisha kwamba maoni yenyewe ni mengi, 9.4 ya watu sita si kitu mbele ya 8.6 ya watu mia nne. Naanza na yale ya katikati, ya 6 na 7, kwa sababu mwandishi wake hana mapenzi wala kisasi, naye hutaja vitu: feni inapiga kelele, kifungua kinywa huanza saa mbili wakati boti yako inaondoka saa moja. Natazama tarehe. Booking.com huyaondoa maoni yanapofikisha miezi 36, na hata miezi 36 ni mingi kwa hoteli iliyobadilisha meneja. Natazama ni mwezi gani mwandishi alilala: aliyeisifu Januari, upepo wa kaskazi ukivuma na anga jeupe, hajui Mei paa linavujaje. Na lalamiko likijirudia kwa watu watatu wasiofanana, mzee wa Italia, kijana wa Kampala na mama wa Muscat, basi hilo lina ukweli, sihitaji wa nne.

Kisha namtafuta mtu wa kufanana na mimi. Yule bwana wa "Hakuna bahari" hakudanganya. Aliandika alichokiona saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Kwa anayetaka kuogelea wakati wowote, maneno yake mawili yana faida kuliko sifa zote 23 zilizotangulia: huyo aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali. Kwa anayekuja Paje kurusha tiara na kuteleza juu ya maji, au kutembea mpaka mwambani akiwa amekunja suruali, "hakuna bahari" ni sifa.

Hayo nilimwambia binamu yangu, naye akayapeleka kwa bosi. Alipendekeza picha ya kwanza kwenye ukurasa wao iwe ya maji yakiwa yamekupwa, na kina mama wa mwani. Bosi alikataa katakata: picha ya maji yaliyojaa ndiyo inayofanya watu wabonyeze. Walibishana wiki nzima, mmoja anatetea wateja wanaoingia, mwingine anatetea alama wanazoacha wakitoka. Wakakubaliana picha ya maji kupwa iwe ya pili, na kila anayeweka nafasi atumiwe ratiba ya kujaa na kupwa kwa siku zake, pamoja na saa ya kwenda mwambani na mtu wa kumwongoza.

Mwishoni mwa Juni alinitumia picha ya skrini. Wageni wawili wamefika siku ya mwezi mwandamo, bamvua tena, bahari haionekani. Wameandika kwamba walitembea saa nzima juu ya mchanga, wakanunua sabuni ya mwani kwa mama mmoja, na waliporudi maji yalikuwa yanawafuata kwa nyuma. Alama 10. Chini ya picha binamu yangu ameandika maneno mawili: "Bado watatu."